Hati ya Msikilizaji

Niliweka nukta kwenye maduara thelathini na manane ambayo sikuyasikia, kisha nikatia sahihi kwamba nimeyasikia yote. Hilo ndilo kosa. Hakuna aliyenituma wala aliyenilazimisha.

Mimi ni mjalidi. Najalidi vitabu kwenye kituo cha masomo ya juu ya Kiislamu, katika chumba kilicho chini ya ngazi za maktaba. Ukiingia unainamisha kichwa. Ndani kuna meza moja, kibanio cha chuma, jiko dogo la umeme la kuchemshia gundi, na harufu ambayo mke wangu anasema hainitoki hata nikioga mara mbili. Shule niliiacha darasa la sita baba alipofariki. Herufi za Kiarabu nilizipata madrasa nikiwa mdogo, kwa hiyo nasoma vizuri, tena kwa sauti, bila kujua nusu ya ninachokisoma. Wanafunzi hunitania: "Fundi anasoma kuliko maprofesa, tatizo lake ni moja tu, haelewi." Nami huwajibu kwamba wao wanaelewa kila kitu isipokuwa kutunga uzi kwenye sindano.

Wanafunzi wenyewe si watoto. Ni watu wazima wenye wake na waume na madeni ya usingizi. Wengi wao huchukua kitabu cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, ambacho hakijawahi kuchapishwa, wakakinakili, wakakisahihisha na kukieleza. Hiyo ndiyo tasnifu yao. Na kituo kina desturi yake ambayo hakuna anayethubutu kuiruka. Ukimaliza kunakili, kazi haipokelewi mpaka isomwe na kusikilizwa. Wewe mwenye kazi unashika kitabu cha asili unasoma kwa sauti. Mtu mwingine anashika nakala yako anafuata kwa macho. Kila suala, yaani kila kifungu cha kitabu, likiisha pana duara dogo kwenye ukurasa wa nakala. Ulichosoma kikilingana na nakala, msikilizaji anatia nukta ya penseli katikati ya duara. Kisipolingana anasema "Simama," mnarekebisha, ndipo nukta. Kama hakusikia, duara linabaki tupu, na watarudia.

Mwisho wa yote msikilizaji anaandika hati yake kwenye daftari kubwa linalokaa kabatini kwa Mudiri, mkuu wa kituo. Maneno ni yale yale tangu kituo kianze: "Nimekisikia kitabu hiki kwa masikio yangu, macho yangu yakiwa juu ya nakala, na Mungu ni shahidi."

Hati zile hazifichi kitu. Aliyesinzia anaandikwa alisinzia. "Alisinzia kuanzia mlango wa tatu mpaka kwenye adhana, pakarudiwa." "Alitoka kumbembeleza mtoto, pakarudiwa." Kuna mwalimu mmoja anayeheshimika sana siku hizi, hati yake inasema alikoroma. Mwanafunzi mpya akifika, siku ya kwanza kabisa wenzake humpeleka kuuona ukurasa ule, wakacheka mpaka waguse ukuta. Kusinzia si aibu. Katika daftari lile lote, ambalo nimelijalidi upya mara tatu kwa mikono yangu, kitu kimoja tu kilikuwa hakijawahi kuandikwa: kwamba mtu alidanganya.

Mwanafunzi wa habari hii ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Ana miaka thelathini na mitatu, watoto wawili, na mume dereva wa malori ambaye watoto humsalimia zaidi kwenye simu. Miaka minne alikuwa na kitabu kimoja kuhusu haki za majirani: ukuta wa pamoja, kisima cha pamoja, tawi la mti wako linapoingia uani kwangu, moshi wako unapoingia chumbani kwangu.

"Mjomba," aliniambia siku moja, "huyu mwandishi lazima alikuwa na jirani mbaya."

"Au yeye ndiye alikuwa jirani mbaya," nikamwambia.

Chuo kimoja cha ualimu kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kufundisha. Barua nimeiona. Sharti lake lilikuwa awe ametetea tasnifu na kupasi kabla muhula wao haujafunguliwa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusimama mbele ya darasa isipokuwa kwa kuadhibiwa.

Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa shoga yake, mwanafunzi mwenzake. Walifika ukurasa wa mia moja themanini na nane, kati ya mia nne na kumi na mbili. Halafu daktari akamwambia yule shoga, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alale kitandani asinyanyuke. Wanafunzi wengine kila mmoja alikuwa na kazi yake shingoni. Ndipo mpwa wangu akaja chini ya ngazi.

"Mjomba, njoo unisikilize."

"Mimi? Mimi ni mtu wa gundi."

"Sharti ni mtu anayejua herufi na mwaminifu. Nimemuuliza Mudiri. Amesema fundi anazo zote mbili."

Kichwa kilinivimba. Sitasema uongo hapa. Jina langu liingie kwenye daftari lile, mimi wa darasa la sita! Usiku ule ule dada yangu alikuwa ameshawapigia simu ndugu wote, hadi wale tusiosemezana nao.

Tulikuwa tunakaa kila siku baada ya alasiri, chumbani kwangu, mlango wazi. Yeye kwenye kigoda na kitabu cha asili juu ya mto, lenzi mkononi, kwa maana maandishi yenyewe ni kama safu ya sisimizi. Akiinama hainui macho, akiinua amepotea mstari. Mimi mezani na nakala na penseli.

Shida ni kwamba mimi si mtu wa kukaa. Tangu nizaliwe. Hata chakula nakula nikitembea, mke wangu ameshachoka kusema. Miguu yangu chini ya meza ilikuwa inaenda safari zake yenyewe. Lakini siku sita za mwanzo nilijikaza. Nilisema "Simama" mara tisa, na mara zote tisa nilikuwa sahihi. Sehemu moja alikuwa ameacha mstari mzima.

"Mjomba una jicho la mwewe!"

"Soma wewe, acha kunisifu. Nikicheka napotea."

Siku ya saba ilikuwa siku ya mwisho ya wanafunzi wa mkupuo wa kwanza kuwasilisha. Tasnifu kumi na moja zilikuwa mezani kwangu zinangoja migongo. Tulianza ukurasa wa mia mbili hamsini. Tulipofika wa mia mbili hamsini na moja, gundi ikaanza kuchemka. Gundi ikichemka sana inakufa, haishiki tena. Nikainuka kuishusha. Nikajiambia, sauti naisikia kutoka hapa. Halafu nikaona kibanio kimelegea na kitabu ndani yake kinaanza kupinda, nikakaza. Halafu akachungulia mlangoni mwanafunzi tunayemwita Tanbihi, kwa kuwa hawezi kusema sentensi moja bila kuongeza maelezo chini yake. Akaninong'oneza, "Fundi, changu tayari?" Nikamwonyesha kwa kidole, hiki hapa, bado kona. Nikazipiga kona gundi. Nikachukua na cha pili. Sauti ya mpwa wangu ilikuwa inaendelea nyuma yangu kama mvua juu ya bati. Unaisikia, lakini muulize mtu mvua imesema nini.

Akanyamaza. "Hapo tupumzike, mjomba. Koo limekauka."

Nikarudi mezani haraka. "Tumeishia wapi vile?"

"Tumemaliza kuta na paa. Kesho tunaingia mlango wa visima."

Nikafungua nakala kwenye mlango wa visima. Kati ya nukta yangu ya mwisho na pale kulikuwa na kurasa saba na maduara thelathini na manane, yote matupu, yananikodolea macho.

"Umeyatia yote?" akauliza, huku anafunga kitabu cha asili ndani ya kitambaa chake.

Ningeweza kusema, hapana, nilikuwa nahangaika na gundi, rudia. Angenisonya, angekunywa maji, angerudia. Badala yake nilisema, "Yote," kisha nikainama nikazitia. Tik, tik, tik. Kama mtu anayepanda mtama. Haikuchukua hata dakika moja.

Kulikuwa na jambo ambalo siku ile hatukulijua, si yeye wala mimi. Mpwa wangu alikuwa amenakili kwa kutazama picha za kitabu, karatasi kwa karatasi, na katika kurasa zile saba picha moja ilimponyoka. Karatasi nzima, pande mbili, masuala kumi na moja kuhusu mfereji wa paa unaomwaga maji ya mvua kwa jirani. Kwenye nakala hayakuwepo. Lakini siku ile alipokuwa anasoma, alikuwa ameshika kitabu chenyewe, si picha. Kwa hiyo aliisoma ile karatasi yote kwa sauti, chumbani kwangu, hatua tatu nyuma ya mgongo wangu. Kama ningekuwa nimekaa, ningepotea pale pale. Ningesema "Simama, hayo unayosoma mimi sina." Msikilizaji kazi yake ni hiyo tu, hana nyingine.

Zile siku kumi na tano zilizobaki nilimsikiliza vizuri, kwa hofu. Nilizima jiko. Nilifunga miguu kwenye kiti kwa kamba ya kushonea, akacheka mpaka lenzi ikamdondoka. Mwisho nikaenda ofisini kwa Mudiri nikaandika hati. "Na Mungu ni shahidi." 

Kuanzia hapo sikutulia. Nilikuwa naanza kushona kitabu hiki, naacha, nachukua kile. Nilimjalidia mtu tasnifu yake kichwa chini. Kwenye swala nilikuwa naona maduara kwenye mkeka. Nikaenda nyumbani kwa mpwa wangu siku ya Jumapili, nia yangu nimwambie. Dada alikuwepo, anakunja nguo za wajukuu.

"Kaa basi," dada akasema. "Unazunguka kama unatafuta kiatu."

"Nimekuja kusema na huyu kidogo."

"Kama ni habari ya jalada," mpwa wangu akadakia, "nataka kijani, mjomba. Kijani kilichoiva, sio kile cha majani ya mgomba." Alikuwa anamvalisha mtoto viatu, anacheka. Dada akasema, "Msikilizaji wetu huyo! Mheshimiwa!" Nikasema, sawa, kijani. Nikaondoka.

Nikamwendea Tanbihi, kwa kuzungukazunguka. "Hebu niambie. Msikilizaji akitia nukta bila kusikia, inakuwaje?"

Macho yalimng'aa. Hakuna kinachomfurahisha kama swali. "Inategemea. Akikiri kabla ya utetezi, wanarudia kipande kile tu, hati inaandikwa upya, basi. Akigundulika wakati wa utetezi, usikilizaji wote unabatilika, mwanzo mpaka mwisho, hata sehemu aliyoisikia mtu mwingine, kwa sababu nakala ni moja. Nyongeza: haijawahi kutokea. Nyongeza ya pili: kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Fundi, wewe huulizagi tu."

"Kachukue kitabu chako uende."

Kwa hiyo nilijua. Watu wakinihurumia wanasema, maskini, hakujua sheria. Nilijua, tena zikiwa zimebaki siku tisa. Nilijiambia kwamba kurasa saba si kitu. Mpwa wangu ni mwangalifu, hawezi kuwa amekosea pale. Na nilijiambia kwamba nikikiri, hati yangu itaandikwa upya na kila mwanafunzi mpya atapelekwa kuitazama, acheke mpaka aguse ukuta. Sikutaka kuchekwa, hakuna zaidi ya hapo. Nikaishona nakala ile na vivuli vyake vinne, zote tano nikazipaka gundi, nikazivika kijani kilichoiva.

Mwezi wa utetezi watu kituoni hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana, "Una maduara matupu mangapi?" na jibu ni "Sina hata moja." Asubuhi ya siku yake, mpwa wangu aliulizwa hivyo ngazi nzima, akawa anajibu huku anapanda, buibui lake limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mwanafunzi mgeni kuliko wote ndiye anayekibeba kitabu cha asili kuingia nacho ukumbini, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Wenzake hukaa nyuma. Ndugu hukaa mbele. Dada yangu alikaa katikati ya mstari wa mbele, akaweka mkoba kwenye kiti cha jirani kwa ajili yangu.

Mtahini wa nje alikuwa mtu mwembamba, sauti ya chini, anayefungua kurasa kwa ncha ya kidole. Saa nzima aliuliza maswali, mpwa wangu akajibu. Alijibu vizuri. Hata mimi nilielewa baadhi. Nilianza kuona mabega yangu yanashuka.

Kisha yule mtahini akatoa bahasha. "Mimi nimeona nakala nyingine ya kitabu hiki, kwenye maktaba ya mbali. Ina masuala ya mifereji ya paa. Kwako siyaoni."

"Kitabu changu cha asili hakina, sheikh," mpwa wangu akasema, bila wasiwasi. Aliziamini picha zake.

"Tukitazame."

Kikaletwa. Akakifungua kwa ile ncha ya kidole, karatasi moja, ya pili, ya tatu. Akakigeuza kikamwelekea. "Hii ni nini?"

Mpwa wangu akainama. Akafuata mistari miwili kwa kidole. "Ni mifereji," akasema.

"Na hukuisoma siku ya kusikilizwa?"

"Niliisoma. Nakumbuka niliisoma." Akageuka kunitazama. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anataka nimsaidie kukumbuka.

Mudiri ni mtu mwema. Alijua picha kumponyoka mwanafunzi ni kosa la kawaida, linasahihishwa kwa mwezi mmoja na mtu anapata shahada yake. Akanitupia kamba. "Fundi yupo? Aa, yule pale. Fundi, kwenye kurasa hizi ulisinzia?"

Ukumbi ukacheka. Nyuma Tanbihi akasema, "Aandikwe alikoroma!" wakacheka zaidi. Hata dada alitabasamu.

"Nilisinzia," nikasema.

"Basi," Mudiri akasema, "tutaandika alisinzia, na..."

"Samahani," akasema mtahini. Hakuinua sauti. Alikuwa ameshaifungua nakala ya kijani, anaitazama kwa karibu. "Maduara yote hapa yana nukta. Mtu aliyelala haweki nukta."

Kicheko kilikatika.

"Thelathini na nane," akasema. Alikuwa amezihesabu. "Msikilizaji amelala, kwa kauli yake mwenyewe. Nakala ilikuwa mikononi mwa nani?" Na akamtazama mpwa wangu.

Ndipo nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimeponea kwenye uongo mdogo, na uongo ule ulikuwa umemwacha yeye peke yake na penseli.

"Mimi sikushika penseli hata siku moja," mpwa wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imekwenda juu. "Muulizeni mjomba."

Nikasimama. "Ni mimi niliyezitia. Sikulala. Nilikuwa nahangaika na gundi, sikusikiliza, nikazitia zote kwa mkupuo mmoja."

"Umesema ulisinzia," mtahini akasema.

"Nilidanganya."

"Ulidanganya lini? Mara ya kwanza, au sasa hivi?"

"Mara ya kwanza. Wallahi."

"Ulishamtaja Mungu kuwa shahidi kwenye hati." Akalivuta daftari kubwa, akasoma jina langu, akanitazama tena. "Huyu binti ni nani wako?"

"Mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu."

"Naam," akasema, akaandika kitu. Neno moja tu. Niliona kwenye uso wake kwamba hadithi ameshaimaliza kichwani: mjomba anabeba mzigo wa mtoto wake. Mtu mwema, anamficha. Hata baadhi ya wanafunzi kule nyuma walikuwa wananitazama kwa huruma, kana kwamba nimefanya jambo la ushujaa.

"Sina sababu ya kumficha!" nikapaza sauti. "Mwiteni huyo Tanbihi, alikuja siku ile, aliniona nimesimama!"

Tanbihi akainuka. Ni kijana mkweli, ndiyo shida yake. "Nilimwona fundi amesimama anapaka gundi, na huyu mwenzetu anasoma. Hilo nalishuhudia. Nukta sikuona aliyezitia. Siwezi kushuhudia nisichokiona."

Mudiri na mtahini wakatoka kujadiliana. Walikaa nusu saa. Mimi niliutembea ukumbi ule, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Dada alikuwa ameketi, mkoba mapajani sasa, ameukumbatia. Nilipopita mbele yake mara ya kumi alisema bila kuinua kichwa, "Kaa chini. Leo angalau, kaa chini." Sikuweza.

Mpwa wangu alisimama pembeni ya ukuta na wenzake. Walikuwa wanamzungumzisha, naye anaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yananifuata kila ninakogeukia.

Wakarudi. Mudiri alisoma akiitazama karatasi muda wote. Usikilizaji umebatilika. Kitabu kisomwe upya chote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, mbele ya msikilizaji asiye ndugu. Utetezi mwingine utapangwa baadaye. Na kwenye daftari itaandikwa hivi: "Nukta ziliwekwa bila kusikilizwa. Aliyeziweka hakuthibitika."

"Amethibitika!" nikasema. "Mimi hapa!"

"Fundi," Mudiri akasema taratibu, "ulitupa maneno mawili asubuhi moja. Tuchukue lipi?"

Alasiri mpwa wangu alikuja chumbani kwangu. Hakuketi kwenye kigoda. Alisimama mlangoni, kichwa ameinamisha kwa ajili ya ngazi.

"Siku ile, nilipokuwa nafunga kitabu, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuwa na maji kwenye chupa. Ningekunywa funda mbili nikasoma tena. Nusu saa, mjomba. Nilikuwa sina haraka siku ile."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?" Nikaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu. "Na Jumapili ulipokuja nyumbani ilikuwa ndiyo hiyo habari?"

"Ndiyo hiyo."

"Ukaniachia nizungumze habari ya kijani." Akatikisa kichwa. "Kingine ningekusamehe leo hii hii. Lakini ulisimama pale mbele ya watu ukasema umesinzia. Kama ungesema kweli mara ya kwanza, wangekuamini. Ningerudia kusoma, sawa, ningechoka. Lakini wangejua si mimi. Sasa mtu akinitazama ananitazamaje?"

Akaondoka. Alikanyaga zile ngazi juu ya kichwa changu polepole, moja moja, nikawa nazisikia zote.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Nimeulizwa mara nyingi na wageni wanaofika kituoni, kwa sababu wanafunzi wanapelekwa kuuona ukurasa ule siku ya kwanza, na kwenye ule hakuna anayecheka. Basi niseme gharama zake, anayetaka ajumlishe mwenyewe.

Vikao arobaini na kimoja vya kusoma upya, mbele ya mkutubi mzee ambaye hakuinuka hata kunywa maji. Kurasa mia moja na themanini na nane ambazo shoga yake alizisikiliza akiwa na mimba ya miezi saba, bila kukosea hata moja, zikafutwa pamoja na zangu. Nakala tano za kijani nilizozifumua uzi mwenyewe. Utetezi ulichelewa miezi saba. Nafasi ya ualimu alipewa mtu mwingine wiki ya tatu tu ya muhula, na mpaka leo mpwa wangu anafundisha watoto wa watu majumbani kwao, mmoja mmoja, akiwa na shahada kubwa kuliko ya mwalimu wao mkuu. Sheria mpya imeongezwa kituoni kwamba ndugu asimsikilize ndugu. Mara tatu nimemwomba Mudiri aandike jina langu pale palipoandikwa "hakuthibitika," na mara tatu amenijibu kwamba daftari lile halifutwi. Dada yangu ananisalimia, hanipigii simu. Mpwa wangu akija kujalidi kitu huinama mlangoni, huniambia, "Shikamoo, Fundi," huacha karatasi mezani, hutaja rangi, na huenda zake.